Aliyejiita Kisasi

Karibu na mwanzo wa filamu iitwayo The Batman, iliyoongozwa na Matt Reeves na kutolewa mwezi wa Machi 2022, liko tukio fupi ambalo mtazamaji mwenye haraka aweza kulipita asilikumbuke tena, nami naliona kuwa ndilo mlango wa nyumba nzima. Ni usiku wa mwisho wa mwezi wa Oktoba, mvua inanyesha, na katika kituo cha treni cha mji wa Gotham genge la vijana waliojipaka rangi nyusoni limemzunguka abiria mmoja mnyonge, asiye na kosa lolote kwao ila kukutwa peke yake. Mara zinasikika hatua za viatu vizito kutoka gizani, taratibu, mithili ya hatua za mtu asiye na shaka na anachokiendea, kisha anatokeza mtu mwenye joho jeusi na kinyago chenye masikio ya popo. Wanamwuliza yeye ni nani. Mmoja wao anapomkabili anapigwa pigo juu ya pigo hata ananyamaza sakafuni, na ndipo swali linapojibiwa: aliyesimama mbele yao, kwa kauli yake mwenyewe, ni kisasi. Genge linashindwa na kutawanyika. Hapo yule abiria, angali chini, anainua macho kumtazama aliyemwokoa, na badala ya kumshukuru anamsihi asimdhuru.

Nimeitazama filamu hii zaidi ya mara moja, na kila mara ombi lile la mtu aliyekwisha kuokolewa limenikaa moyoni kuliko mapigano yote yanayolifuata. Maana swali linalotokana nalo ni kongwe, wala halikuzaliwa Gotham: je, mtu aweza kuitumikia haki kwa moyo uliojaa ghadhabu, na haki yenyewe isichafuke? Na ikiwa dhalimu na aliyedhulumiwa wote wawili wanamwogopa mlinzi kwa hofu iliyo moja, mlinzi huyo amelinda nini?

Batman si mgeni kwa yeyote aliyepata kufungua vitabu vya katuni au kuketi mbele ya televisheni. Alibuniwa huko Marekani na Bob Kane na Bill Finger, akatokea mara ya kwanza mwaka 1939 katika toleo la 27 la Detective Comics. Na kabla ya mwaka huo kwisha wasomaji walikwisha kuelezwa asili yake, kwamba yeye ni Bruce Wayne, mwana wa tajiri, aliyeshuhudia utotoni baba na mama yake wakiuawa njiani na jambazi, akaapa kuwapiga vita wahalifu maisha yake yote. Tangu hapo kila kizazi kimemshonea nguo ya wakati wake. Katika mfululizo wa televisheni wa 1966 alikuwa mtu wa rangi za kung'aa na vichekesho; Tim Burton akamrudisha kivulini mwaka 1989; na Christopher Nolan, katika filamu tatu za kati ya 2005 na 2012, akamweka katika mji ufananao na miji tuijuayo. Reeves amemwingiza gizani kabisa. Kwa muda wa dakika 176 jua halionekani ila kwa nadra, na mpigapicha wake, Greig Fraser, ameziacha nyuso nyingi zimezama nusu katika weusi, hata mtazamaji hujikuta akikaza macho kama atafutaye njia katika nyumba iliyozimwa taa.

Giza hilo ni la batini lililotolewa nje. Huyu Bruce Wayne wa Robert Pattinson yumo katika mwaka wa pili wa kazi yake ya usiku. Hajali mali yake, hajali jina la nyumba yake, na anapovua kinyago uso wake unabaki na weusi wa rangi kuzunguka macho, kana kwamba kinyago kimekataa kumwacha. Mauaji ya wazazi wake, ambayo filamu zilizotangulia ziliyaonyesha tena na tena, safari hii hayakuonyeshwa. Tumeonyeshwa badala yake mtoto mwingine, mwana wa meya aliyeuawa, ambaye ndiye aliyeukuta mwili wa baba yake. Na Batman anapomwona mtoto yule anasimama na kumtazama bila ya kusema neno, kama mtu aliyekutana na nafsi yake ya zamani asijue aisalimu vipi.

Katika jambo hili lugha yetu ina ushahidi wa kutoa. Neno kisasi limetujia kutoka Kiarabu, na huko kwenye asili yake ni neno la sheria. Wajuzi wa lugha hulirudisha kwenye mzizi wenye maana ya kufuata nyayo, mzizi ule ule uliotupa neno kisa, kwani msimulizi naye hufuata nyayo za mambo yaliyopita. Kisasi katika fikihi, basi, ni kuufuata unyayo wa jinai mpaka unapoishia na kusimama papo hapo: nafsi moja kwa nafsi moja, wala si ukoo mzima kwa nafsi moja, kama ilivyokuwa desturi katika zama za ujahiliya, ambapo kifo cha mtu mmoja kiliweza kuwasha vita baina ya makabila na kuacha vifo visivyo na hesabu. Tena haki hiyo haishikwi na kila mwenye uchungu, bali hupita kwa kadhi baada ya ushahidi kusikilizwa. Na jamaa wa aliyeuawa hufunguliwa milango mitatu, kudai kisasi, kupokea diya, au kusamehe, na mlango wa tatu ndio uliosifiwa kuliko miwili ya kwanza. Kumbe neno tulitumialo leo kana kwamba ni jina la moto lilikuwa hapo awali jina la ua uliozungushiwa moto. Katika mazungumzo yetu ya kila siku ua umeanguka, moto umebaki.

Batman ni mpelelezi, na mpelelezi ni mfuata nyayo. Anasoma mafumbo, anapima alama za damu sakafuni, anaona kile ambacho polisi kumi wamekipita. Nyayo ambazo hakuzifuata ni zake mwenyewe. Na filamu, kwa subira kubwa, inamlazimisha azifuate hata zimfikishe asikotaka kufika.

Adui wake ni Riddler, mtega mafumbo, anayeigizwa na Paul Dano. Huyu anamwua meya, anamwua mkuu wa polisi, anamwua mwendesha mashtaka wa mji, na kwa kila maiti anaacha kadi iliyoandikwa jina la Batman. Kadiri mafumbo yanavyofunguka ndivyo inavyodhihirika kwamba waliouawa hawakuwa watu safi. Thomas Wayne, baba yake Bruce, aliahidi dola bilioni moja kuufufua mji na kuwasaidia wanyonge wake. Alipokufa fedha zile zikakosa mwangalizi, na Carmine Falcone, mkuu wa majambazi, pamoja na wakubwa wa serikali waliokula sahani moja naye, wakazigeuza kuwa hazina yao ya siri. Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa jina la dhambi hiyo. Ni wakfu ulioachwa bila ya msimamizi. Ni kula mali ya yatima, ambayo mafundisho ya Mtume yameihesabu miongoni mwa madhambi saba yaangamizayo, pamoja na ushirikina na uuaji. Kwa sababu hiyo nasema kuwa filamu hii, ingawa imetungwa mbali nasi, inasimama juu ya msingi ambao wazee wetu wangeutambua mara moja.

Na Riddler ni nani? Jina lake ni Edward Nashton, naye ni mmoja wa mayatima wale. Alilelewa katika nyumba ya yatima ambamo watoto thelathini walilundikwa katika chumba kimoja, na baridi ya kipupwe ilipoingia wachanga walikufa. Na kutoka humo alimtazama yatima mwingine, mwana wa Wayne, ambaye alikaa katika jumba refu lililouinamia mji, na ambaye msiba wake ulililiwa na ulimwengu mzima. Msiba wa Edward haukuwa na mliaji. Malalamiko yake ni ya kweli, na asiyekiri hivyo hatailewa filamu. Tukiwapima mayatima hawa wawili kwa mizani ya dhuluma waliyotendewa, yawezekana sana kwamba kapu la Edward ndilo litakaloteremka.

Hata hivyo, haki ya malalamiko haimpi mlalamikaji ukadhi. Edward alipotoka kufuata unyayo wa jinai hakusimama ulipoishia: kutoka kwa waliokula fedha alivuka hadi kwa Bruce, ambaye alikuwa mtoto fedha zilipoanza kuliwa, akamtumia bomu lililomjeruhi Alfred, mtumishi na mlezi wake, na kutoka kwa Bruce akavuka hadi kwa mji mzima. Sisi tunayo methali isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, nayo hutumiwa vema kwa kutahadharisha, lakini ikifanywa kuwa hukumu inageuka kuwa dhuluma, maana dini zetu zimefundisha kwamba kila nafsi itaulizwa juu ya mzigo wake. Mwana hajibu kosa la baba, wala mji haujibu kosa la meya wake.

Yuko atakayesema: basi hapo ndipo tofauti ilipo, kwa kuwa Edward anaua na Batman haui, na hofu aitiayo Batman ni hofu ya manufaa, inayomzuia mwovu kabla hajatenda. Hoja hii haifai kupuuzwa. Hakuna mji ulioendeshwa kwa upole mtupu, na mwenye kudharau haja ya adhabu huwa mara nyingi ni yule ambaye hajapata kuvunjiwa nyumba. Lakini filamu yenyewe imeileta hesabu mezani, kwani Bruce, akiandika katika daftari lake, anakiri kwamba baada ya miaka miwili ya usiku wake wizi, mashambulio na mauaji yameongezeka. Hofu imewafunza waovu kutazama vivuli kabla ya kutenda, haikuwafunza kuacha.

Tena hofu haina macho ya kuchagua. Sisi wa Afrika Mashariki twajua neno “mwizi” linavyofanya kazi likipigwa kelele sokoni: nimeona watu wapole, wauza ndizi na mafundi viatu, waliokuwa dakika moja kabla wakiulizana hali za watoto wao, wakigeuka kundi moja lenye mikono mia na lisilo na sikio hata moja, na aliyekuwa chini akilia kuwa si yeye. Kila mmoja katika kundi lile alikuwa na kisa chake cha kuibiwa, na kila kisa kilikuwa cha kweli. Lakini visa vile vyote vilimwangukia mtu mmoja ambaye hapakuwa na yeyote aliyezifuata nyayo zake. Niliporudi nyumbani siku ile nilikuwa nimetetemeka, wala haikuwa kwa kumwogopa mwizi.

Imam Ghazali, katika maandishi yake juu ya maajabu ya moyo, ametoa mfano ambao sijaona ulio bora kuliko huo. Akili, asema, ni mithili ya mwindaji aliyepanda farasi; matamanio ni farasi wake, na ghadhabu ni mbwa wake. Mwindaji akiwa hodari na mbwa akiwa amefundishwa, windo litapatikana. Mbwa akiwa hakufundishwa, hatakuja aitwapo wala hatatulia akatazwapo, na mwindaji atakuwa na bahati akirudi salama. Zingatia kwamba Ghazali hakuamuru mbwa auawe. Mtu asiye na ghadhabu mbele ya mali ya yatima inayoliwa ana upungufu katika utu wake. Swali ni nani anayemwongoza mwenziwe, na katika Gotham mbwa ametangulia mbele, mwindaji anaburutwa kwa kamba.

Ndiyo maana Riddler aliweza kumtumia. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi: samaki yule huruka kwa ghadhabu majini, akaangukia chomboni mwa mtu aliyeketi tu na kungoja. Ni Batman aliyemtoa Falcone kutoka katika maficho yake hadi penye nuru ya taa ya barabarani, akidhani kuwa anamkabidhi kwa sheria, na papo hapo risasi ya Riddler ikamshukia kutoka dirisha la jirani. Baadaye wawili hao wanakutana katika hospitali wanamofungiwa wahalifu wenye maradhi ya akili, kioo kimoja baina yao, na yule mfungwa anazungumza na Batman kwa sauti ya mahaba, kama mtu azungumzaye na sahibu yake wa kazi, akistaajabu kwamba mwenziwe hafurahi. Batman anamkana kwa ukali. Lakini kioo kile kinarudisha taswira, na mtazamaji anaziona nyuso mbili juu ya kioo kimoja.

Kikombe kinajaa mwishoni. Mabomu yamevunja ukuta wa bahari, maji yameingia mjini, na maelfu ya watu wamekimbilia ukumbi mkubwa, ambamo wafuasi wa Riddler, wamevaa vinyago kama vyake, wanafyatua risasi kutoka juu, chini ya paa, na kumjeruhi Bella Reál, meya mteule. Batman anapambana nao, anajeruhiwa vibaya, anajidunga dawa ya kumtia nguvu, kisha anamwangukia mmoja wao na kumpiga kwa namna ambayo si ya kuzuia tena. Gordon, afisa wa polisi na rafiki yake wa pekee, anamvuta amwachilie. Kinyago cha mfuasi yule kinafunuliwa, anaulizwa yeye ni nani, naye anajibu kwa neno lile lile ambalo Batman alijibu nalo kituoni: yeye ni kisasi.

Katika sinema zote nilizoziona za mashujaa sijui kimya kizito kuliko kimya kinachofuata hapo. Shujaa amelisikia jina lake kinywani mwa mwuaji, na jina limemkaa mwuaji sawasawa, bila ya kupunguzwa wala kuongezwa. Nyayo alizokuwa akizifuata tangu mwanzo zimemrudisha kwenye mlango wake.

Wahadhiri husimulia, na Maulana Jalaluddin Rumi amekitia katika Masnavi yake, kisa cha Sayyidna Ali aliyemwangusha adui vitani, na upanga ulipokwisha kuinuliwa yule adui akamtemea mate usoni. Ali akautupa upanga. Adui alipostaajabu na kumwuliza sababu, alielezwa kwamba upanga ule ulikuwa umeinuliwa kwa ajili ya Mungu, na baada ya mate yale nafsi ya mpiganaji nayo ilidai sehemu yake. Na kazi iliyo nusu ya Mola na nusu ya nafsi haifai kukamilishwa. Mate yalikuwa ni kitu kidogo, lakini yalimwonyesha Ali kile ambacho vita vizima visingemwonyesha. Neno la mfuasi wa Riddler lilikuwa mate ya namna hiyo, na lililo jema katika filamu ni kwamba Batman naye aliutupa upanga wake.

Waya wa umeme unaning'inia juu ya watu waliozama maji kiunoni. Anaurukia na kuukata, anapigwa na umeme, anaanguka ndani ya maji. Anapoinuka anawasha mwenge mwekundu. Chini ya vyuma vilivyoporomoka wako watu waliobanwa gizani, meya mteule miongoni mwao, na yeye anaviondoa vyuma kisha ananyosha mkono. Wanausita mkono ule, kama alivyousita uso wake abiria wa kituoni. Wa kwanza kuushika ni mtoto, mwana wa meya aliyeuawa, yule yatima mpya. Kisha wengine wanafuata, na kamera inapanda juu mpaka tunaiona safu ya watu ndani ya maji meusi, wakitembea nyuma ya nuru moja ndogo. Kulipokucha anamsaidia majeruhi apandishwe kwenye helikopta, naye majeruhi anamshika mkono asitake kuuachia. Watu husema kuwa dawa ya moto ni moto. Mtu huyu aliyekuwa moto alizimika majini, na alichowasha baada ya hapo kilikuwa cha kuonyeshea njia.

Nina neno moja la kuidai filamu hii, nami nalisema kwa kuwa naipenda. Rehema iliyowafikia waliozama haikuwafikia bado mayatima. Kumwokoa mtu na gharika ni tendo la saa moja, na kurudisha mali iliyoliwa ni kazi ya miaka, ya madaftari, mahakama na waangalizi waaminifu, ambayo haina joho wala kinyago, na sinema haijui kuifanya ipendeze. Bella Reál anaahidi kuujenga mji upya. Lakini ikiwa fedha zile hazitarudi kwenye nyumba ile, kipupwe kijacho kitamlea Edward mwingine. Rehema isiyofuatwa na haki huwa ni kivuli cha kupumzikia dhalimu, kama vile haki isiyo na rehema ilivyo jua lisilo na machweo. Mlango wa msamaha uliofunguliwa na sheria ulifunguliwa kwa ajili ya aliyedhulumiwa, autumie kwa hiari yake baada ya haki yake kutambuliwa. Haukufunguliwa ili aliyekula apite humo kimya kimya.

Nalirudia sasa swali nililolianza. Naona kwamba ghadhabu yaweza kuiamsha haki usingizini, na aghalabu ndiyo iamshayo, lakini haiwezi kukaa nayo nyumba moja hadi asubuhi. Na kipimo ambacho filamu hii imenipa ni chepesi hata mtoto aweza kukitumia, kama alivyokitumia mtoto yule: tazama mkono wa mlinzi, kama aliye chini kabisa anathubutu kuushika.

Yule abiria wa kituo cha treni hatuonyeshwi tena. Hatujui kama alifika kwake usiku ule, wala kama maji yalipoingia alikuwa miongoni mwa waliokimbilia ukumbini. Lakini mimi, kila ninapoitazama safu ile ikitembea nyuma ya mwenge, humtafuta humo.